Uso wa Baba Mkwe Kwenye Picha ya Daraja

Mshauri mpendwa, nimekuwa msomaji wa ukurasa wako kwa muda mrefu na mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia, nikisema hivi watu hawa hawana ndugu wa kuwaeleza shida zao mpaka wazimwage gazetini, na leo ni mimi ninayeomba unisaidie, kwa sababu ndugu ndio hao hao ninaowashuku na sina pengine pa kulipeleka neno hili bila kuitia nyumba yangu moto.

Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto, nafanyia kazi nyumbani, kwenye chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo, kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, meza moja yenye mguu uliofungwa waya, na kiti cha mbao kisicho na egemeo tunachokiita kiti cha kuchorwa, maana yeyote anayepita karibu na mlango nikiwa na kazi hukamatwa akakalishwa hapo. Nikitaka mtu anayekimbia namkimbiza binti yangu uani, nikitaka mtu aliyebeba gunia namtwika mume wangu mto wa kitanda, wameshazoea na wananicheka. Lakini nina sheria yangu moja tangu nianze kazi hii, kwamba mkao nautoa kwa mtu mmoja na uso nautoa kwa mwingine, ili asitokee mtu akafungua kitabu cha watoto akakuta yeye ndiye mwizi wa kuku. Sheria hiyo sikuwahi kuivunja mpaka ilipokuja kazi hii.

Kazi yenyewe ni kitabu cha vile vita vikubwa, cha watoto wa miaka tisa hadi kumi na tatu, kilichoandikwa na mwalimu mmoja mstaafu wa historia ambaye sote tunamwita Mwalimu tu, na huenda umeshakisikia hata kabla hakijatoka kwa sababu redioni wamekitukana wiki nzima. Unajua tulivyofundishwa sote, kwamba wananchi walipokuwa wanavuka daraja la chuma kukimbia mapigano, zilikuja ndege za adui zikalilipua na watu wakiwa juu yake. Mwalimu anasema hapana, siku ile hapakuwa na ndege yoyote, daraja lililipuliwa na wanajeshi wetu wenyewe ili adui asivuke, na aliyetoa amri alijua kwamba watu bado wanavuka. Ndivyo alivyoandika, kwa maneno mepesi ya mtoto, na chini ya ukurasa ameweka swali, "Kama wewe ndiye uliyeshika mpini wa kulipulia baruti, ungefanya nini?" Wazazi wamekuja juu, kuna wanaosema analisha watoto sumu, kuna wanaosema amenunuliwa na wale wa ng'ambo ya mto, na kuna mtu aliyeandika neno MSALITI kwa mkaa kwenye ukuta wa ofisi ya mchapishaji, mhariri akalisugua kwa brashi ya choo na bado linasomeka vizuri tu.

Kabla sijaendelea nikuambie kwamba ile picha ya ndege iliyomo kwenye kitabu cha shule kinachotumika sasa niliichora mimi. Nililetewa maneno, nikachora ndege zenye matumbo meusi zikishuka juu ya mto, nikasifiwa na kila mtu. Baba mkwe wangu aliitazama picha ile muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hizi zimeruka kutoka wapi?" nami nikadhani anaukosoa mchoro, kwa kuwa ni kweli sikuuweka vizuri upeo wa macho, nikamjibu kwamba watoto hawajali mambo hayo.

Huyu baba mkwe anaishi nasi tangu mama mkwe alipofariki. Vitani alikuwa mpishi wa jeshi, hivyo ndivyo alivyotuambia siku zote, na mgeni akimuuliza habari za vita hujibu kwamba yeye alipigana na masufuria na masufuria yalimshinda, basi wote wanacheka na mazungumzo yanaishia hapo. Baada ya vita alipika kwenye jiko la hospitali mpaka akastaafu. Ni mzee mtaratibu, mchache wa maneno, isipokuwa juu ya kazi yangu, ambayo anaiita vikatuni, na aliwahi kumwambia mume wangu, mimi nikiwa nimesimama palepale na sinia la chai mkononi, kwamba mwanamke anayeshinda akichorachora iko siku atawachorea na chakula badala ya kukipika. Hayo yameshapita, sina kinyongo.

Sasa nisikilize, mshauri. Kwa picha ya daraja nilihitaji mtu aliyepiga goti ameshika mpini wa kile kisanduku, ule ambao ukiusukuma chini baruti inalipuka. Mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu, alikuwa kazini, binti yuko shule, kwa hiyo nikamwita Baba, na sikumwambia picha ni ya nini kwa sababu kitabu chenyewe nilikuwa nakificha asikione. Nikampa pampu ya baiskeli, nikamwambia apige goti na aishike kama mtu anayetaka kuisukuma chini, basi, sikusema neno jingine. Mtu yeyote ukimwambia hivyo huitazama ile pampu, nimewachora watu wengi na wote hutazama walichoshika. Yeye aliitazama sakafu kwanza, akapiga goti la kushoto, akashika mpini kwa mikono miwili, halafu akageuza uso pembeni, akapandisha bega likaziba sikio, akafumba macho, akafungua mdomo, akatulia hivyo. Nilichora huku nashangaa ule mdomo, nikamwambia Baba unaweza kuufunga, naye akasema bila kufumbua macho, "Ukiufunga, masikio yanapasuka." Nilipomaliza akainuka kwa kujishika mezani, akatoka uani, akasimama penye kamba ya nguo na pampu bado iko mkononi.

Tangu hapo sina amani, maana ni mpishi gani wa masufuria anayejua mambo kama hayo? Jioni ile nikapitisha wino, na muda ulikuwa umenibana, mhariri ananipigia simu kila saa, nikauacha uso wake kama ulivyo nikisema nitaubadilisha baadaye, nikaipeleka karatasi ofisini ikiwa na mtu yule peke yake ili waione kabla sijaongeza daraja na watu. Mwalimu alipoiona alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniambia, "Uso huu usiuguse." Nikamuuliza kwa nini, akasema umetoka vizuri. Ndipo nikaanza kuunganisha mambo. Siku ya kwanza kabisa tulipokutana, mtu huyu aliniuliza kama mzee wetu bado yupo, nikadhani ni adabu tu ya kujuliana hali. Wachoraji wanaonizidi wapo, wengine wanachora kwa kompyuta na wanamaliza mapema, kwa nini akanitafuta mimi? Na redioni walipombana ataje shahidi wake alisema shahidi yupo, wakati ukifika watu watamwona kwa macho yao. Nashuku shahidi huyo ni ukurasa wangu.

Nilimwonyesha mume wangu ile karatasi, nikamwambia ni picha ya daraja, sikuongeza kitu. Aliitazama akiwa amesimama na bisibisi mkononi, akasema, "Mchore amegeuza mgongo," akarudi uani kwenye jokofu la watu alilokuwa analifungua. Tangu siku hiyo anarudi nyumbani mapema, anakaa na baba yake sebuleni, na mimi nikiingia nakuta wanazungumzia mpira, na mume wangu hajawahi kuupenda mpira hata siku moja. Nashuku anajua, nashuku amejua tangu utotoni, na kwamba nimeolewa kwenye nyumba yenye jambo linalojulikana na kila mtu isipokuwa mimi ninayewafulia nguo.

Mzee mwenyewe ndiye anayenimaliza kabisa. Pampu aliirudisha kesho yake ikiwa imesafishwa na kupakwa mafuta, nikashuku anafuta alama za vidole, ingawa najua nyumba nzima imejaa vidole vyake. Yeye aliyekuwa hakanyagi chumba changu sasa anakuja mlangoni kila asubuhi baada ya chai, ananiuliza, "Leo hunihitaji?" nami namjibu kwamba leo nachora miti. Hata nikimjibu hivyo anaingia, anakaa kwenye kile kiti, anautazama ukuta wa jirani, halafu anaondoka. Ubao wenye picha nimeugeuzia ukutani, na juzi niliukuta umesogezwa kidogo, nashuku anaitafuta picha aiharibu, kwa hiyo nimeanza kufunga mlango kwa ufunguo.

Lakini kinachonikosesha raha zaidi ni binti yangu. Ana miaka kumi, tunamwita Mdadisi kwa maswali yake, na hana rafiki kama babu yake, ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli na kumenya viazi bila kumaliza nusu ya kiazi kwenye maganda. Aliingia chumbani kabla sijaongeza daraja, akamjua mara moja, akaniuliza Babu anafanya nini pale. Nikamwambia anajaza upepo baiskeli. Akaitazama tena karatasi, akasema, "Mbona baiskeli haipo?" Nikamwambia bado sijaichora. Sasa daraja nimeshalichora, na watu juu yake, na kitabu kinaingia mtamboni wiki ijayo, na shule yake ni mojawapo ya zile zilizokubali kukipokea, na mtoto wangu ataufungua ukurasa ule darasani mbele ya wenzake, mahali pa baiskeli akute daraja, na aliyeshika mpini ni babu yake.

Nifanye nini, mshauri? Nikiubadilisha uso nashuku nitakuwa nimeficha ukweli ambao watoto wana haki ya kuujua, na Mwalimu atabaki peke yake akitafunwa na watu. Nikiuacha, nitakuwa nimemtia baba wa mume wangu mikononi mwa hao walioandika ukutani. Na je, kama nimekosea, kama kweli alikuwa mpishi? Kuna wakati nafikiri kitabu chote kisitoke, watoto wabaki na ndege zao, maana sijasikia familia iliyogombana kwa sababu ya zile ndege. Nishauri upesi, karatasi inatakiwa kabla ya mwisho wa wiki, na nakuomba usiutaje mji wetu, watu watanijua.

Ni mimi, Mke wa Fundi Majokofu

*

Mke wa fundi,

Pole sana. Si barua ndogo hii, na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, nikizungushia duara kila mahali ulipoandika "nashuku". Ukurasa umejaa maduara. Umemshuku Mwalimu, umemshuku mumeo, umeushuku mpira, umeyashuku na mafuta ya pampu. Mzee wa watu anarudisha kitu cha kuazimwa kikiwa safi, kama alivyolelewa, wewe unawaza polisi. Sasa niruhusu na mimi nikushuku wewe kidogo, maana katika barua yote hakuna aliyefanya hivyo.

Unasema uso ulibaki kwa sababu muda ulikubana. Sikubali. Mchoraji mwenye sheria aliyoishika tangu aanze kazi, sheria ya mkao wa huyu na uso wa yule, haisahau siku ile ile ambayo ameona kitu cha kumtoa jasho. Kubadilisha pua na kidevu kungekuchukua muda gani, wewe unayeishi kwa kazi hiyo? Uliuacha uso ule kwa sababu ulitaka mtu mwingine auone na alitamke yeye lile neno uliloogopa kulitamka. Na ndani yako kuna kasehemu, sisemi kakubwa, kalikofurahi kwamba mzee wa "vikatuni" amenaswa na kikatuni. Mtu asiye na kinyongo hakumbuki maneno ya zamani pamoja na sinia alilokuwa ameshika. Kukasirika si kosa, mama, hata mimi ningekasirika. Kosa ni kuipeleka hasira hiyo kwa mhariri kisha ukaniambia mimi kwamba unatetea ukweli.

Na huo ukweli wenyewe umeupata wapi? Kwenye goti, bega na mdomo. Mtu yeyote aliyekaa karibu na baruti aliambiwa afungue mdomo, awe mpishi, awe dereva, awe mchota maji. Huenda mzee wako ndiye aliyeshika mpini. Huenda alisimama nyuma ya aliyeushika akamwona alivyofanya. Huenda alikuwa mbali na masufuria yake, na mwenzake aliyekuwa darajani akaja kumsimulia mara nyingi mpaka akakijua kila kitu kama chake. Wewe hujui, mimi sijui, na Mwalimu, kwa jinsi anavyozunguka, nina wasiwasi kama naye ana hakika. Mpaka sasa umemhukumu mtu kwa pampu ya baiskeli.

Unataka pia nikuambie kama watoto wabaki na ndege zao. Nami nikuulize, zile ndege ulipozichora, nani alikuambia zina matumbo meusi? Ulimuuliza nani kama zilikuwepo? Uliletewa maneno, ukachora, ukasifiwa, ukalala usingizi, na wala hukuniandikia barua. Mtu mmoja tu katika nchi nzima alikuuliza zimetoka wapi, naye alikuwa anakunywa chai nyumbani kwako, ukamjibu kwamba watoto hawajali. Hapo nilipofika kwenye barua yako niliweka kalamu chini nikasonya, samahani lakini nilisonya. Usinijie leo kana kwamba hadithi ya zamani haikuwa na mkono wako na hii mpya ndiyo yenye hatari. Zote mbili umezichora bila kumuuliza mtu.

Hao wanaopaka mkaa kwenye kuta za watu siwaungi mkono. Mtoto wa miaka kumi anaweza kabisa kuambiwa kwamba wakubwa hawakubaliani juu ya siku moja ya vita. Yeye mwenyewe kila mapumziko anabishana na wenzake juu ya nani alianza, na anajua kila mmoja ana maelezo yake. Lakini Mwalimu naye simpigii makofi. Anamuuliza mtoto "ungefanya nini" kabla hajamwambia yeye amejuaje kilichofanyika. Mtoto atajibu kwa moyo wake wote, kisha ataenda kumbebesha mtu lawama, na Mwalimu atakuwa ameshakwenda zake. Anayetaka kuwabadilishia watoto habari za vita awaambie waziwazi kwamba hili niliambiwa na fulani, hili nimelikisia, na hili hakuna anayelijua. Kama kitabu chake hakina nafasi ya kusema hivyo, basi amechora ndege nyingine tu.

Kwa hiyo nenda ofisini kwa mhariri, kwa miguu yako, usipige simu. Mwalimu awepo. Muulize mbele ya mhariri alimjuaje mzee, na kama alikuchagua kwa sababu ya mkono wako au kwa sababu ya nyumba ulimoolewa. Akianza kufuta miwani mngoje amalize kuifuta, halafu rudia swali. Ikiwa alitaka kumtoa mzee hadharani bila ridhaa yake, akitumia kalamu ya mke wa mwanawe, mwambie hapo hapo kwamba hilo ni jambo baya, hata kama alichoandika kuhusu daraja ni kweli tupu. Na umwambie mhariri kwamba karatasi ile haitoki chumbani kwako mpaka mwenye uso amekubali. Atalalamika kuhusu mtambo. Mwache alalamike, mitambo huwa inasubiri kila umeme unapokatika na hakuna anayekufa.

Mumeo mpumzishe. Mwanamume ameonyeshwa uso wa baba yake kwenye picha ya daraja, akasema alichoweza kusema, kisha akaanza kuwahi nyumbani na kuzungumza mpira asioupenda ili tu akae karibu na mzee. Hafichi kitu huyo, hajui aanzie wapi, kama wewe tu. Mwambie leo kwamba umeniandikia. Akinuna, atanuna, chakula atakula.

Mtoto ulimdanganya, na anajua ulimdanganya, ndiyo maana hakuuliza tena, jambo ambalo mama wa mtoto anayeitwa Mdadisi ungepaswa kulishtukia. Habari za babu yake usimpe, hizo si zako. Mwambie tu kwamba baiskeli haikuwepo, kwamba ulisema vile kwa sababu uliogopa, na kwamba picha bado haijakwisha. Asipate nafasi ya kuyasikia hayo kwa wenzake kwanza.

Mzee nimemweka mwisho kwa sababu ndiye peke yake katika barua yako ambaye hujamuuliza chochote. Angalia ulivyoniandikia mwenyewe. Anakuja kila asubuhi, anauliza kama unamhitaji, unamwambia unachora miti, anaingia hata hivyo, anakaa. Mtu anayeikimbia picha angekuwa ameshaugua mgongo, au amekumbuka ndugu wa mbali wa kwenda kumsalimia. Huyu anajileta mwenyewe kwenye kiti cha kuchorwa. Wewe umemwona anatafuta kuiharibu karatasi, mimi namwona mtu anayetaka kujua kama umemwelewa. Watu wamecheka ule utani wa masufuria maisha yake yote, na walipocheka walimwachia mzigo wake wakaondoka. Mkewe, ambaye labda ndiye aliyejua, hayupo. Halafu siku moja mkwe wake akamwambia piga goti, akamtazama kwa makini, wala hakucheka. Mimi sijui alifanya nini pale darajani, lakini anatafuta mtu wa kumuuliza, na mlangoni kwako amekuta ufunguo. Barua yako iliniuma hapo kuliko penginepo.

Basi kesho mlango usiufunge. Mtoto akienda shule, mwombe mumeo achelewe kwenda kazini, akae sebuleni, asiingie mpaka aitwe. Mzee akija akauliza kama unamhitaji, mwambie, "Ndiyo, Baba, nakuhitaji." Mpe kiti chenye egemeo safari hii. Ugeuze ubao aione picha yote, daraja na watu na yeye mwenyewe. Usimweleze redio imesema nini, wala Mwalimu anasema nini, usimsaidie kwa kumtafutia maneno. Muulize, "Huyu ni nani?" kisha weka penseli mbali, maana akikuona umeishika atadhani unataka tu akae vizuri.

Akisema yeye alikuwa mpishi na hajui chochote, mwamini, mwombe radhi, na yule mtu wa darajani umpe uso usio wa mtu yeyote. Usije ukaanza upya kuhesabu alama za vidole. Akisema mengine, msikilize mpaka achoke, usimkatize kwa pole, usilie kabla yake. Pengine atasema mambo ambayo Mwalimu ameyaandika, pengine atasema mambo ambayo Mwalimu hakuyaota, na yote mawili utayapokea vilevile. Ukishamsikiliza, mwite mumeo, kisha mzee aulizwe kama anataka watoto wa watu wamwone. Hilo hatuamui mimi, wala wewe, wala Mwalimu na kitabu chake. Akisema hapana, utabadilisha uso siku hiyo hiyo na mdomo wako utaufunga, hata kwangu usiniandikie.

Akisema ndiyo, uso ubaki, basi usiipeleke karatasi ofisini siku hiyo. Mngojeni Mdadisi arudi kutoka shule, mumpe babu yake hiyo picha mkononi, ninyi wawili mtoke nje mvute mlango, na mzee amweleze mjukuu wake mwenyewe ni nini alichokuwa ameshika.